Maji Matamu ya Nzwani

Kisiwa cha Nzwani kiko katika Mlango-bahari wa Msumbiji, kati ya pwani ya Afrika na Bukini, yaani Madagaska, na ni kimoja kati ya visiwa vinne vikubwa vya Komoro, pamoja na Ngazija, Mwali na Maore. Wafaransa hukiita Anjouan. Mabaharia wa Uingereza na Marekani walikiita Johanna. Eneo lake ni kilomita za mraba 424 na umbo lake ni la pembetatu iliyobonyea ubavuni. Migongo mitatu ya milima inaanzia baharini, mmoja Sima upande wa magharibi, wa pili Jimilime upande wa kaskazini-mashariki, wa tatu Nyumakele upande wa kusini, na yote hukutana katikati kwenye kilele cha Ntingi, mita 1,595 juu ya usawa wa bahari. Kisiwa chote kimezaliwa na volkano, ingawa hakuna mlipuko wake hata mmoja uliopata kuandikwa katika historia. Moto ulishapoa, mvua ikapata wasaa wa kuchimba mabonde.

Wageni wengi hukitembelea kwa siku moja, kwa gari la kukodi na mwongozaji mwenyeji. Anayetoka Nairobi hupanda ndege hadi Moroni, kwenye kisiwa cha Ngazija, kisha huchukua ndege ndogo hadi uwanja wa Wani au boti hadi Mutsamudu. Ratiba ya siku inajulikana: mji wa kale na ngome asubuhi, milima na ziwa kabla ya adhuhuri, kiwanda cha mafuta ya mlangilangi, maporomoko ya maji, halafu Domoni alasiri. Ni ratiba nzuri, ila kuna jambo moja halimo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, jina la Johanna lilijulikana vizuri huko Nantucket na New Bedford, bandari za Marekani zilizoishi kwa kuwinda nyangumi, na hilo halitajwi sana njiani. Wa kulaumiwa si mwongozaji, kwani hana cha kuonyesha. Hapakujengwa kiwanda cha nyangumi Nzwani, wala tanuri, wala ghala la mafuta. Wamarekani walimchemsha nyangumi melini, baharini, wakaondoka na mapipa. Walichoacha kinaonekana ndani ya vitu vinavyoonyeshwa kwa sababu nyingine: mto, ukuta wa ngome, na mlima wenyewe.

Si kwamba nyangumi alikuwa mgeni katika bahari hii kabla ya Wamarekani. Al-Masudi, mwanajiografia wa Baghdad aliyesafiri kutoka Oman hadi kisiwa cha Kanbalu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika habari za nyangumi wa bahari ya Zanji, yaani ya mwambao wa Afrika Mashariki, na za ambari, ile nta yenye harufu inayotoka matumboni mwa nyangumi wa aina moja tu na iliyouzwa kwa bei ya kutisha kwa watengenezaji wa manukato. Waandishi wengine wa Kiarabu wa zama hizo walieleza jinsi mafuta ya nyangumi yalivyopakwa kwenye mbao za vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, maji yasipenye. Lakini watu wa mwambao hawakumwinda kwa biashara. Walimsubiri. Ambari iliokotwa ufukweni, na nyangumi aliyekufa akatupwa na bahari alikuwa riziki ya kijiji kizima. Hiyo ndiyo tofauti kati ya zama mbili: moja ilipokea kile bahari ilichotoa, nyingine ilimfuata mnyama mpaka kwenye maji anakozalia.

Siku ya ziara huanzia Mutsamudu, na ni vyema kuanzia kwenye mto kabla ya kuingia vichochoroni. Mto huu unashuka kutoka mlimani, unapita katikati ya mji na kumwaga baharini karibu na bandari. Leo mgeni anaweza kuuvuka bila kuutazama: maji ni kidogo, mawe meusi ya basalti yametokeza, nguo zimeanikwa juu yake. Kumbe ndio uliozileta meli. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1500 vyombo vya Waingereza vilivyokwenda India vilipita katika mlango-bahari huu na kusimama Komoro kutafuta maji. Mwaka 1591 mabaharia wa James Lancaster waliteka maji Ngazija wakashambuliwa, na wengi wao wakauawa. Mwaka 1615 Sir Thomas Roe, akielekea kwa mfalme wa Wamughali huko India, alisimama Mwali. Baadaye kidogo Nzwani kikawa ndicho kituo, na kikabaki kuwa kituo kwa zaidi ya miaka 200.

Sababu iko kwenye miamba. Ngazija ni kisiwa kichanga, volkano yake ya Karthala bado inawaka, na lava yake ina matundu mengi kiasi kwamba mvua, hata inyeshe vipi, huzama chini moja kwa moja. Hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Watu wa huko wamezoea kukinga maji ya mvua katika visima vya kujengwa, na majivu ya Karthala yalipoanguka Novemba 2005 yalivichafua visima hivyo na kuwaacha maelfu ya watu bila maji ya kunywa. Maore ni kisiwa kikongwe, kimezungukwa na mwamba wa matumbawe ulio hatari kwa nahodha asiyeujua mlango wake. Mwali ni kidogo na bandari yake haina kinga. Nzwani kina umri wa katikati. Lava yake imeoza vya kutosha kuwa udongo unaoshika maji, milima yake bado ni mirefu vya kutosha kuyazuia mawingu, na mbele ya Mutsamudu kina cha bahari kinaanza karibu na nchi kavu. Meli ilitia nanga mbele ya mji, mto ukiwa machoni pake.

Kilichofanyika baada ya nanga kuzama kinaeleweka ukilijua pipa. Meli ya nyangumi kutoka New Bedford ilikuwa kwa kweli ghala la mapipa linaloelea. Mengi yalibebwa yakiwa yamefumuliwa, mbao zake zimefungwa matita, na fundi wa mapipa, mmoja wa watu wenye heshima melini, aliyaunga kadiri yalivyohitajika. Pipa lililoondoka nyumbani na maji au mikate mikavu lilirudi na mafuta. Safari ilichukua miaka mitatu au minne, ikiwa na mabaharia karibu 30, na hakuna maji yanayokaa muda wote huo bila kuoza. Hivyo kila baada ya miezi michache nahodha alitafuta pwani yenye maji, kuni, matunda na nyama. Mapipa matupu yaliunganishwa kwa kamba, yakavutwa na mashua hadi mdomo wa mto, yakajazwa na kuvutwa tena hadi melini. Hayakuzama, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo kuliko maji ya chumvi: msururu wa mapipa yaliyojaa ulielea mgongoni mwa mashua ukionyesha tumbo tu juu ya maji.

Kuni zilihitajika kwa ajili ya tanuri. Kila meli ya aina hii ilikuwa na tanuri la matofali juu ya sitaha, na ndani yake vyungu vikubwa vya chuma. Nyangumi aliyechomwa chusa na kuuawa alifungwa ubavuni mwa meli, akamenywa mafuta yake vipande virefu, vipande vikakatwakatwa na kuchemshwa. Kuni ziliwasha moto wa kwanza. Baada ya hapo makapi ya mnyama mwenyewe yalitupwa motoni yakaendelea kumchemsha. Mafuta hayo yaliwasha taa za majumba na minara ya pwani huko Ulaya na Marekani, yakalainisha mashine za viwanda vya nguo. Nta iliyotoka kichwani mwa nyangumi wa ambari ilifanywa mishumaa isiyotoa moshi. Machungwa na ndimu za Nzwani zilikuwa dawa: bila matunda, fizi za baharia zilivimba na kutoka damu, meno yakalegea, na mtu akafa.

Upande wa kisiwa, biashara hii ilikuwa na taratibu zake. Ngalawa zilikwenda kuilaki meli zikiwa na mbuzi, kuku, nazi na ndizi. Wakubwa wa mji walikuwa wakijitambulisha kwa vyeo vya Kiingereza, na waliweka barua za sifa walizoandikiwa na manahodha waliotangulia, wakazionyesha kwa kila anayekuja. Sir William Jones, hakimu na mwanalugha aliyepita hapa mwaka 1783 akielekea Kalkata, aliandika maelezo marefu ya kisiwa na watu wake. Kusoma maelezo ya wasafiri wa namna yake ni kuona jinsi wageni walivyocheka vyeo vile bila kujiuliza vilikuwa vya nini. Vilikuwa chombo cha kazi. Mji usio na jeshi la maana, ulioishi kwa meli za watu wenye mizinga, ulijifunza lugha yao na adabu zao ili wapite kwa amani na walipe. Ni haki pia kusema ni nani aliyebeba kuni na kusukuma mapipa. Jamii ya Nzwani ilikuwa na waungwana na watumwa, na jasho la bandari mara nyingi halikuwa la yule aliyepokea malipo.

Msafiri wa kutoka Shauri Moyo anaielewa bandari hii haraka kuliko mtalii wa Ulaya. Mtaa huo wa mashariki mwa Nairobi ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea watu waliobomolewa nyumba zao katika kijiji cha Pangani, na uko jirani na Majengo, Gikomba na Kamukunji, mahali ambapo kila huduma ina mwenyewe na bei yake. Mfereji ukikauka, maji huja kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20 imepangwa safu, na mwenye mkokoteni ndiye anayejua kisima kipi kinatoa. Mazungumzo ya mwongozaji na wauza samaki wa Mutsamudu nayo hayampiti kabisa: Kinzwani ni ndugu wa Kiswahili, na mgeni anayesikiliza kwa utulivu hushika neno moja kati ya matatu, kisha sentensi nzima inampotea.

Kutoka mtoni njia inaingia mji wa kale. Vichochoro vya Mutsamudu ni vyembamba, vina ngazi, na vimefunikwa hapa na pale na vyumba vilivyojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Milango ya nakshi ipo, mingine imetunzwa, mingine imekatwa chini na kuwekewa bati. Jumba la Ujumbe, makao ya kale ya watawala, limekarabatiwa. Kuta ni za mawe ya volkano na chokaa ya matumbawe, nyeusi na nyeupe, na plasta inapobanduka rangi hizo mbili huonekana waziwazi.

Juu ya mji iko ngome. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 18, wakati makundi ya mitumbwi kutoka Bukini yalipokuwa yakivuka bahari kuteka watu na kuwauza. Ngazi za kuipanda ni ndefu na jua la saa nne halina huruma. Kule juu mizinga ya chuma imelala imeshika kutu, midomo ikielekea bahari, na hapo ndipo nyangumi anaporudi kwenye ziara bila kutajwa.

Mwaka 1850 nahodha wa meli ya nyangumi ya Kimarekani iliyoitwa Maria, kwa jina Moores, alifungwa Mutsamudu kwa amri ya Sultani Salim. Salim alikuwa ameingia madarakani mwaka 1840 kwa kumwondoa mpwa wake Alawi, na kiti chake hakikuwa imara. Habari zilifika kwa jeshi la majini la Marekani, na mwezi Agosti 1851 manowari Dale, ikiongozwa na William Pearson, ilitia nanga mbele ya mji. Pearson alidai fidia ya dola 20,000. Sultani hakutoa. Tarehe 6 Agosti manowari iliipiga ngome kwa mizinga, ikasimama kungoja jibu, ikapiga tena, mpaka mji ukaomba amani. Fedha iliyokubaliwa mwishoni ilikuwa dola 1,000.

Tofauti ya kiasi hicho inastahili kutafakariwa. Kutoka 20,000 hadi 1,000 si mapatano ya kawaida ya bei. Ni ishara kwamba hazina ya Mutsamudu haikuwa na kitu, au kwamba aliyedai alijua toka mwanzo hawezi kupata. Kisiwa kilikuwa kimezinywesha meli za Marekani kwa miaka, na mapipa yaliyojazwa hapa yalirudi New Bedford na mafuta yenye thamani mara nyingi zaidi ya fidia ile. Lakini mtawala wa bandari hakuweza kukusanya dola 20,000 hata mji wake ulipokuwa chini ya mizinga. Anayeuza maji kwa wavuna mafuta hubaki na bei ya maji. Mwaka huohuo, miezi michache baada ya mizinga ya Dale, Herman Melville alichapisha *Moby-Dick*, na wawindaji wa nyangumi wakapata kitabu chao kikubwa. Nzwani hakikupata hata ubao ukutani. Shajara za meli zimehifadhiwa Massachusetts, katika jumba la makumbusho ya nyangumi la New Bedford. Upande wa pili wa kisa hicho una ngome hii tu.

Baada ya ngome gari huelekea Wani, na kutoka hapo barabara inapinda kuelekea ndani na kuanza kupanda. Patsi, Bazimini, Koni, Tsembehou: vijiji vinafuatana, karafuu zimeanikwa kwenye mikeka kando ya lami, mbuzi wamelala mahali gari lingependa kupita. Katikati ya karne ya 19 bonde hili na lile la Pomoni upande wa kusini-magharibi yaligeuzwa mashamba ya miwa. William Sunley, Mwingereza aliyekuwa pia balozi mdogo wa nchi yake, alilima Pomoni kwa mikono ya watumwa waliokodishwa, wakati manowari za Uingereza zikizunguka nje kukamata majahazi ya watumwa. Ubalozi ulimponyoka kwa ajili hiyo, lakini shamba alibaki nalo. David Livingstone alipita kwake. Mwaka 1866 Livingstone aliajiri wanaume kumi wa Nzwani kwa safari yake ya mwisho, wakiongozwa na Musa, na ni hao waliomwacha njiani wakarudi Zanzibar na habari kwamba ameuawa. Haikuwa kweli. Vitabu vya Kiingereza vimewatukana kwa hilo miaka 150. Ni vichache vilivyouliza kama mshahara wao ulilingana na njia waliyokuwa wakipelekwa.

Jina la Livingstone limebaki msituni, kwa popo. Popo huyo mweusi, mwenye mabawa yanayofika karibu mita moja na nusu yakinyooshwa, anaishi Nzwani na Mwali tu duniani kote, na hulala kwenye miti mikubwa ya miteremko mikali ambako shoka halijafika. Mwongozaji mzuri anajua mti mmoja au miwili ya kuonyesha. Juu zaidi liko ziwa Dzialandze, katika shimo la volkano ya zamani, maji matulivu yaliyozungukwa na nyasi, ukungu ukishuka kila baada ya nusu saa. Hapa ndipo kisiwa kinapoonekana kama kilivyo: ukungu unagusa mlima, mlima unakunywa, na chini mto unaanza.

Kuna jambo jingine juu ya miteremko hii ambalo wanajiolojia wamelisumbukia kwa zaidi ya miaka mia. Kati ya mawe meusi ya volkano hupatikana vipande vyeupe vya mwamba wa kwazaiti, jiwe linalotokana na mchanga wa mito ya bara. Kisiwa cha volkano kilichotoka chini ya bahari hakina haki ya kuwa nalo. Watafiti walioupima mwamba huo miaka ya karibuni wamekuta ni sehemu kubwa iliyoinuliwa pamoja na lava, na bado wanajadiliana ulifikaje huko. Wakulima hawakungoja jibu. Jiwe hilo ni gumu na lina chembe kali, wakalifanya kinoo cha kunolea mapanga.

Hapo juu pia ndipo hesabu ya mito inapofanyika. Katikati ya karne ya 20 Nzwani kilikuwa na mito kati ya 40 na 50 iliyotiririka mwaka mzima. Siku hizi iliyobaki na maji wakati wote haizidi kumi hivi, mingine ikiwa mikondo ya mawe inayojaa mvua inaponyesha na kukauka baada ya wiki. Kisiwa kina zaidi ya watu 300,000, ardhi tambarare ni chache, na mashamba ya ndizi na muhogo yamepanda hadi kwenye miteremko ambako mtu husimama kwa kushika mti. Msitu ukiondoka, udongo hauwezi tena kuishikilia mvua ya Januari mpaka kiangazi cha Septemba. Shirika la Dahari, lililoanzishwa kisiwani mwaka 2013, hufanya kazi na wakulima kupanda miti kwenye vyanzo vya maji na kulinda ile ambayo popo hulala juu yake. Ni kazi ya polepole, kwani mkulima anayeambiwa aache pembe ya shamba lake kwa ajili ya mto anahitaji kula mwaka huu.

Sehemu ya miti inayokatwa huishia kuwa kuni za mitambo ya mlangilangi. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta haya duniani, na tangu enzi ya kampuni ya kikoloni ya Bambao, iliyoundwa mwaka 1907, Nzwani ndicho kisiwa chake kikuu. Miti hukatwa vilele na kupindwa ili matawi yainame, wanawake wayafikie maua kwa mkono. Maua huchumwa alfajiri, yakiwa ya manjano na umande, na huingizwa mtamboni kabla hayajanyauka. Mtambo wenyewe ni pipa refu la shaba au la chuma juu ya moto wa magogo, lenye bomba linalopita ndani ya maji baridi hadi kwenye chupa. Aliyekulia Shauri Moyo, masikio yake yakiwa yamezoea nyundo za mafundi wa jua kali wa Kamukunji, huyatambua mapipa ya chuma mara moja kwa mishono yake: bati limekunjwa, likagongwa, likakunjwa tena, kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Moto hukaa saa nyingi, na harufu hunasa kwenye nguo mpaka siku ya pili. Mabepari wa nyangumi walichukua kuni za kisiwa kwa ajili ya taa za watu wa mbali. Wa manukato wanazichukua kwa ajili ya shingo zao. Tofauti ni kwamba safari hii moto unawashwa nchi kavu na ua linamwachia mchumaji ujira, ingawa ni mdogo.

Barabara inateremka hadi Bambao, karibu na maporomoko ya Tatinga, na kuishia Domoni, mji uliokuwa makao ya masultani kabla ya Mutsamudu kuupiku. Mitaa ya Domoni ni mitulivu zaidi na nakshi zake, kwa macho ya wengi, ni bora zaidi. Mji huu una kisa chake cha bahari. Mwezi Desemba 1952 mvuvi Ahmadi Abdallah alivua hapa samaki mzito wa magamba ya buluu ambaye wenyeji walimjua kwa jina la gombesa na hawakumthamini sana kwa kula. Alikuwa silakanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosari mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mtaalamu J.L.B. Smith alikuwa amesambaza vipeperushi vyenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100, akaja hadi Komoro kwa ndege ya kijeshi kumchukua. Kwa mara nyingine bahari ya Nzwani iliingia kwenye magazeti ya dunia, na kwa mara nyingine kilichopatikana kiliondoka.

Ufukwe wa upande huu unaitazama Maore, kilomita 70 hivi kuvuka maji. Maore ilibaki kwa Ufaransa visiwa vingine vitatu vilipojitwalia uhuru mwaka 1975, na tangu mwaka 1995 Mkomoro anahitaji viza kuingia. Boti ndogo za plastiki ngumu, kwasa-kwasa, huondoka usiku zikiwa zimejaa watu, na baadhi hazifiki. Katika ziara ya siku moja jambo hili hupitiwa kwa sentensi mbili, na mwongozaji mwenye ndugu upande wa pili hulipitia kwa moja.

Biashara ya nyangumi ilikufa kwa sababu zilizotokea mbali. Mwaka 1859 mafuta ya petroli yalichimbwa Pennsylvania, na taa zikabadili chakula. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliteketeza meli nyingi za nyangumi. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za India ziliacha kupita Msumbiji, na Mutsamudu ikabaki na mto wake. Ufaransa ilikiweka kisiwa chini ya himaya yake mwaka 1886. Watumwa waliasi mwaka 1891, na majeshi ya Kifaransa yakaingia. Nyangumi mwenyewe hakupumzika. Wale wenye nundu wanaozalia Komoro hula katika bahari baridi ya kusini, na huko, katika karne ya 20, meli za mvuke zenye chusa za baruti ziliua zaidi ya 200,000 wa aina hiyo katika nusu ya kusini ya dunia, idadi ambayo mashua za makasia za New Bedford zisingeiweza. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na mwaka 1986 uwindaji wa kibiashara ukasimamishwa kimataifa.

Wamerudi. Kati ya Julai na Oktoba majike huja na ndama wao kwenye maji ya uvuguvugu kati ya Nzwani, Mwali na Maore, wakikaa karibu na pwani mahali penye utulivu, na mvuvi aliye kwenye ngalawa huwasikia wakipumua kabla ya kuwaona. Ziara za kuwatazama zimeshamiri zaidi Mwali, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 2001, kuliko Nzwani. Nahodha huzima injini mbali kidogo na kumwacha mnyama aamue kusogea au kuondoka. Anayetaka kuwaona hupanga safari ya Agosti. Lakini Agosti ni kiangazi, mto wa Mutsamudu ukiwa mwembamba kuliko wakati wowote, na mwongozaji humshauri anayetaka maporomoko ya Tatinga yakinguruma aje Januari au Februari, nyangumi wakiwa hawapo. Ziara moja haiwezi kuonyesha vyote viwili. Dale ilipotia nanga ilikuwa Agosti pia.